Nyavu za Kitinda

Kila asubuhi swali lilikuwa lile lile, na Mama Nyavu alikuwa amelichoka kama jino bovu. Mvuvi huingia dukani, akashika wavu, akautazama matundu yake kwenye mwanga wa mlangoni, akauliza bei, kisha akaurudisha mezani taratibu na kusema, "Hivi, mama, ni wapi mtu anaweza kupata wa bei nafuu?"

Kwa miaka kumi na tisa jibu lilikuwa moja: hakuna. Karibu na soko la samaki hapakuwa na duka jingine la zana za uvuvi. Ndoana alizipanga kwa ukubwa ndani ya makopo ya maziwa, mishipi ikaning'inia ukutani, maboya yakajaa kwenye magunia, na nyavu za kiwandani zikakaa kwenye rafu zikinukia upya. Mvuvi aliyetoka kwa hasira alimwacha aende. Angekwenda wapi? Kesho atarudi.

Sasa walikuwa na pa kwenda. Nyuma ya karakana ya fundi wa mashine za boti, mdogo wake wa kike wa tumbo moja alikuwa amefungua kibanda. Huyu alikuwa wa mwisho kuzaliwa kwao, na tangu utotoni kila mtu alimwita Kitinda. Kibanda chenyewe kilikuwa mabati manne na meza iliyopinda mguu, lakini nyavu zake ziliuzwa karibu nusu ya bei ya dada yake, na wavuvi walimiminika huko kama siafu.

"Angekuwa mtu baki ningelala usingizi," Mama Nyavu alimwambia mumewe, fundi seremala, mtu wa maneno machache. "Lakini yule nimembeba mgongoni mimi! Nani alimwingiza dukani? Nani alimwonyesha ndoana ipi ni ya samaki gani? Leo ananinyang'anya tonge mdomoni."

"Si umuulize ananunua wapi," mumewe akasema, huku akipiga randa ubao.

"Nimuulize? Mimi?"

Mumewe akaendelea na randa yake. Alimjua mkewe. Kumuuliza mdogo wake kungekuwa kukiri kwamba mdogo anajua kitu asichokijua yeye, na hilo lingemkaba kuliko mwiba wa samaki.

Badala yake Mama Nyavu alimtuma jirani yake, mke wa muuza barafu, akamnunulie wavu mmoja pale kibandani bila kusema ni wa nani. Ulipoletwa, Mama Nyavu alifunga duka mchana kweupe, akaingia nao stoo. Wavu ulikuwa wa kijani, lakini katikati ulipitiwa na utepe wa rangi ya matofali, kama nguo iliyotiwa kiraka. Alicheka peke yake. Kumbe ni takataka! Akautundika kwenye ndoano ya chuma iliyokuwa ukutani, akaukanyaga pindo la chini, akauvuta kwa nguvu zake zote.

Haukukatika. Akauzungusha mkononi, akavuta tena, mpaka uzi ukamchana kidole na damu ikadondoka sakafuni. Wavu umetulia tuli, hauna hata tundu moja lililolegea.

Ndipo alipousogeza machoni na kuyatazama mafundo. Yalikuwa yamezungushwa mara mbili, kisha mara ya tatu ndogo, kwa namna ambayo mashine haifanyi. Aliijua namna hiyo. Mama yao alifunga vile.

Akakaa juu ya gunia la maboya. Kwa hiyo Kitinda hakununua nyavu popote. Alikuwa akizifuma mwenyewe.

Miaka miwili ya mwisho ya mama yao ilimrudia akilini. Mama alikuwa kitandani, Kitinda amekaa pembeni yake mchana kutwa, na yeye Mama Nyavu akitoka dukani jioni na dawa kwenye mfuko. Kila alipofungua mlango aliwakuta wawili hao wakicheka, nyuzi zimetapakaa juu ya shuka, sindano ya mti mkononi mwa mmoja wao. Wakimwona, kicheko hukoma. "Umekula, mwanangu?" mama huuliza, kama anavyoulizwa mgeni. Hakuna siku aliyoambiwa, na wewe njoo ukae hapa nikuonyeshe.

Uchungu wa siku ile haukuwa tena wa biashara.

Kesho yake aliingia Mlingoti, mvuvi mrefu mwembamba ambaye neno likimfikia yeye, limefika pwani nzima. Naye akauliza swali lake la bei nafuu.

"Nenda kwa mdogo wangu," Mama Nyavu akasema kwa sauti ya huruma. "Mimi ni dada yake, sitaki kusema. Ila zile nyuzi zimeoza, baba. Zimepigwa jua mpaka zimekufa. Ukipata samaki wa maana, utarudi na kamba mkononi. Ona, mimi mwenyewe nilijaribu wavu wake." Akamwonyesha kidole kilichofungwa kitambaa, kana kwamba kidole ndicho ushahidi.

Mlingoti akaguna, akanunua wa kiwandani. Kabla ya wiki kwisha walinunua wengine wanane. Mama Nyavu alipita nyuma ya karakana akamwona Kitinda ameketi peke yake, nyavu zake zimekunjwa mezani, hakuna hata inzi wa kuuliza bei. Furaha ilimjaa kifuani. Ilidumu mpaka alipofika kwenye kona, kisha ikamtoka, akabaki anatembea tu.

Siku ya tatu baada ya hapo Kitinda alimfuata dukani. Hakusalimia. Alitazama kidole cha dada yake, kisha mlango wa stoo uliokuwa wazi, na wavu wa kijani bado umening'inia ndani.

"Uliujaribu, dada?"

"Niliujaribu."

"Ukakatika?"

Mama Nyavu alipangusa meza iliyokuwa safi. "Haukukatika."

"Na bado ukasema."

"Nilisema."

Kitinda alivuta kigoda akakaa. "Ungeniuliza ningekwambia siku ile ile. Kwa nini, lakini? Mimi nimekukosea nini?"

"Mama alikufundisha wewe!" Neno lilimponyoka kwa sauti kubwa, akalisikia mwenyewe na kuona aibu, mwanamke mzima mwenye wajukuu. "Mkinisikia naingia, mnanyamaza."

Kitinda alimkodolea macho. "Tulinyamaza kwa sababu ulikuwa umechoka, dada. Mama alikuwa akisema, punguza kelele, huyu ndiye anayetulisha. Alikuogopa kidogo, ukitaka ukweli. Na mimi pia."

Nje mtu alikuwa akiburuta kreti la samaki.

"Nitakuonyesha nyuzi nanunua wapi," Kitinda akasema, akisimama. "Lakini kwanza nirudishie jina langu. Ulilichukua mbele za watu, lirudishe mbele za watu."

Mama Nyavu hakulala vizuri, lakini alfajiri alikwenda sokoni wakati mashua zinashusha samaki. Alikuwa amepanga maneno mazuri. Yote yalimkimbia. "Zile nyavu za mdogo wangu ni nzima," akasema. "Nilidanganya. Nilikuwa na kijicho."

Wengine walicheka. Mlingoti alitikisa kichwa. "Wahenga walisema kizuri chajiuza, mama. Sasa mimi nimenunua wako ghali, utanirudishia?"

"Nitakurudishia," akajibu, na akamrudishia siku hiyo hiyo, na wote waliodai, mmoja baada ya mwingine.

Jumanne iliyofuata dada wawili walitembea mpaka kiwanda cha nyuzi, ng'ambo ya reli. Njiani hawakuzungumza sana. Kwenye lango la nyuma walikuwa wakiuza kwa kilo vibiringi vya nyuzi vilivyoharibika rangi tu: kijani kilichofifia, bluu yenye madoa, ile rangi ya matofali. Uzi ulikuwa mzima. Samaki hajali rangi.

"Fundi wetu huyo!" mlinzi wa lango alimpokea Kitinda kwa tabasamu, akamvutia kiti. "Na huyu mwenzio ni nani?"

"Dada yangu. Biashara yote nimejifunza kwake."

Mama Nyavu alisimama pale juani bila kiti. Alitaka kufurahi kwa sifa ile, na kidogo alifurahi. Lakini hata wema ule ulimchoma: kwamba huyu mdogo alijua kufuma, alipendwa na walinzi, na juu ya hayo alijua kusamehe.

"Nakuonea wivu, ujue," akamwambia walipokuwa wakifunga gunia. "Hata sasa hivi."

"Najua," Kitinda akasema. "Shika upande huo, zito hili."

Akashika, wakaliinua.