Mashati Kumi Meupe

Miaka kumi na tisa nimefua nguo za wageni kwenye hoteli ile, na mara mbili nimenyimwa usimamizi wa chumba cha kufulia. Mara mbili! Na wote wawili waliopewa, mimi ndiye niliyewaonyesha mahali sabuni inapokaa. Barua za kuninyima ninazo hadi leo, na zote zinaanza kwa Kiingereza kilekile: "You are a good worker." Wewe ni mfanyakazi mzuri. Halafu inakuja "lakini". Lakini Kiingereza chako, mama.

Kwa hiyo msimamizi wa pili alipoacha kazi, na meneja akatangaza mtihani baada ya wiki tatu, nilijiambia safari hii liwalo na liwe. Meneja hakuficha mtihani utahusu nini. Mgeni alileta koti, kwenye stakabadhi pakaandikwa "koti", basi, akarudishiwa koti la mwingine, tukasikia matusi ya lugha tatu. Anayetaka usimamizi sasa lazima aieleze nguo kwa Kiingereza, aseme ikoje, si kuitaja jina tu. Kwa maneno mengine, vivumishi.

Mwalimu wa Kiingereza niliyemjua alikuwa mmoja, na heri ningemeza jiwe: wifi yangu, dada wa mume wangu. Anafundisha shule ya msingi, tunaishi nyumba moja, na ulimi wake ni wembe. Nikameza kiburi, nikamwendea jikoni.

"Wewe?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wifi yangu, wewe na Kiingereza ni paka na maji."

"Hata paka akitumbukia ataogelea. Unanifundisha au hunifundishi?"

Akanifundisha. Kila siku saa kumi nikitoka kazini, hata viatu sijavua, daftari liko mezani linanisubiri. Kosa langu la kwanza lilikuwa lile letu sote. Niliandika "whites shirts", maana kwetu mashati yakiwa mengi, neno la rangi nalo linageuka: shati jeupe, mashati meupe.

"White haina wingi!" wifi akapiga kelele. "Shati moja, mashati mia, ni white ileile. Na inakaa mbele ya shati, si nyuma!"

"Basi hicho Kiingereza ni kivivu," nikamjibu. Nikaandika mara hamsini mpaka kidole kikafanya sugu.

Akaanza kubandika vikaratasi nyumba nzima. Kochi kuukuu likawa "old". Sufuria ikawa "black", kumbe weusi wake ni wa kutosuguliwa na yeye mwenyewe. Mume wangu alikuwa amejilaza, akabandikwa "lazy" kwenye unyayo, na neno hilo nililijua papo hapo bila kamusi: mvivu.

Tulichogombania ni maneno yenyewe. Wifi alitaka nikariri "beautiful", "wonderful", "elegant", maneno ya kupendeza ambayo wanafunzi wake huyajaza kwenye insha. Mimi nilitaka maneno ya kazi. Sisi wafuaji, shati likifika mkononi, kwanza unaligeuza ndani nje. Unatazama kola, kwapa, mishono, vifungo, ndipo unajua linataka maji gani. Nilitaka neno la nguo iliyochanika, la iliyopauka, la kifungo kinacholegea.

"Wifi, nguo chafu haiwi wonderful."

"Nani mwalimu hapa?"

"Wewe. Lakini atakayefanya mtihani ni mimi."

Hatukusemezana siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta ameniandikia maneno yangu ukurasa mzima, "torn", "faded", "loose", na nilipoitwa kula nikakataa kuinuka mpaka niyamalize. Alinitazama, akaenda kula. Kesho yake nafika kazini, mpiga pasi ananifuata nyuma anakufa kwa kicheko.

"Mama, huko mgongoni umeandikwa nini?"

Nikabandua kikaratasi kwenye sweta. "Stubborn." Mkaidi! Nimepita nacho mapokezi, na meneja alikuwa amesimama palepale, tena alinipungia mkono. Niliona aibu hadi masikioni. Lakini sikukitupa, nilikikunja nikakitia mfukoni.

Siku ya mtihani tulikuwa wawili: mimi na jamaa wa mapokezi ambaye Kiingereza kwake ni maji ya kunywa. Meneja akamwaga mezani mashati kumi ya kiume, yote meupe, yote mikono mirefu.

"Kila mmoja nampa moja," akasema. "Liandikeni. Nitalirudisha kwenye lundo, halafu mpiga pasi ataingia alitafute kwa maneno yenu."

Nikishindwa mara ya tatu, sitaulizwa tena, nitazeekea kwenye mashine. Mwenzangu aliandika amekunja nne, mistari sita, shati lenyewe hakuligusa hata kwa kidole. Mimi nikaligeuza langu ndani nje. Kola ilikuwa na unjano, kifungo cha tatu kinalegea, na ndani ya mkono wa kushoto kuna mshono mdogo wa uzi wa buluu, mtu alijishonea kwa haraka. Nikayaandika hayohayo, herufi zinapishana, lakini kila neno lilikuwa na mahali pake kwenye shati.

Mpiga pasi akaitwa. Meneja akamsomea na kumtafsiria karatasi ya mwenzangu: shati zuri, maridadi, la gharama, safi, la kisasa.

"Hili?"

"Hapana."

"Hili?"

"Hapana."

Kufika la tano akanyoosha mikono. "Bosi, yote si mazuri haya?"

Ikaja yangu. Mpiga pasi akageuza mashati matatu tu, akainua la tatu juu. "Hili hapa. Uzi wa buluu huu."

Ee, nilitaka kulia, nikajizuia. Meneja akaniita ofisini, akachapa barua, akanisogezea. Nikaisoma mwenyewe, polepole, kidole kwenye mstari. "You are a good worker." Nikamrudishia.

"Mama, kazi umepata! Kuna shida gani?"

"Hili 'good' umeniandikia mara tatu sasa. Mara mbili umeninyimia nalo kazi, leo unanipa nalo. Hilo linamfaa kila mtu wa hoteli hii, kama yale mashati kumi. Mpiga pasi akisomewa hivyo, atanitoaje kwenye lundo?"

Nikatoa mfukoni kile kikaratasi cha wifi, kimechakaa, nikakilaza juu ya barua. Alikitazama, akanitazama, kicheko kikampanda polepole. Akashika kalamu, akakata "good", akaandika juu yake kwa mkono wake, herufi kubwa.

"Naam," nikasema. "Huyo ndiye mimi. Sasa tia sahihi."