Lobi ya Rachida

"Rachida, ile lobi yako ilikuwa ya nyuma ao ya mbele?"

Swali hilo aliliuliza jirani, Mama Odile, miaka tisa iliyopita, siku ya tatu ya matanga ya mama yake Rachida. Aliliuliza kwa mzaha, maana watu wakishakaa siku tatu juu ya mikeka hutafuta kitu kidogo cha kuchekea. Wakacheka. Wanawake wakaziba midomo kwa vitambaa, na hata wazee waliokuwa wanavuta tasbihi wakainamisha nyuso. Kisangani nzima inajua kwamba kwa Kilingala lobi ni jana, na lobi ni kesho vilevile. Yale maneno mengine yanayoandamana nayo ndiyo yanayokuonyesha ni ipi. Na Rachida, walisema, alisahau kuyaweka.

Aziza, dada yake mkubwa, hakuwepo kwenye matanga yale. Alikuwa Ubelgiji, mwaka wake wa nne huko. Alihadithiwa swali la Mama Odile kwa simu na shangazi mmoja, naye, Mungu amsamehe, alicheka kidogo.

Sasa alikuwa anarudi. Ndege ya kutoka Kinshasa iliruka siku moja kabla ya ile iliyoandikwa kwenye tiketi, kwa hiyo pale uwanja wa ndege wa Bangoka hakukuwa na mtu wa kumpokea. Alichukua pikipiki. Mwenye pikipiki alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, akafunga sanduku nyuma kwa mipira.

"Tunaenda wapi, mama?"

"Kabondo. Kwa Papa Bilali, ule fundi wa mashini za kushona."

"Kabondo iko na ba-Bilali mingi. Sema iko karibu na nini."

"Nyuma ya muskiti. Iko na muti ya matunda ya safu mbele ya mulango."

"Ah, kumbe kwa Mama Lobi. Ungesema tu. Mama Lobi wa mikate. Panda."

Aziza akapanda. Njiani alijiambia huyo atakuwa mpangaji, mtu aliyekuja baadaye. Lakini moyo una masikio yake, na mpaka Kabondo moyo wake haukukaa mahali pake.

Mbele ya uwanja wa baba yake alimkuta mwanamke amekaa kwenye kigoda, mafuta yanachemka, mikate inageuka yenyewe ndani ya sufuria. Wanafunzi wawili wa chuo walikuwa wamesimama wakingoja.

"Mama Lobi, ya moto iko?"

"Ya moto iko lobi," mwanamke akajibu bila kuinua kichwa. "Leo iko ya vuguvugu."

"Lobi gani, mama? Ya nyuma?"

"Ya nyuma ulishakula, ukasahau kusema aksanti."

Vijana wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Alikuwa Rachida. Alikuwa amekonda shingo na kuongezeka mikono. Alipomwona Aziza akishuka, alifuta viganja kwenye kitenge mara tatu kabla ya kumgusa.

"Yaya," akasema, kama alivyozoea kumwita dada yake mkubwa. "Papa alisema ni kesho."

"Ndege ilitangulia."

"Bon. Ndege nayo haijui kusoma, sawa na miye."

Akasema hivyo kama anayesema habari za mvua, akambebea sanduku kichwani na kuingia nalo ndani. Aziza akabaki amesimama karibu na mafuta. Miaka tisa mji mzima ulikuwa umemwita mdogo wake kwa jina hilo, naye mwenyewe akajifunza kuuza mikate kwa jina hilo. Mtu akikosa njia ya kuvua nguo ya aibu, mwisho huifua na kuivaa.

Papa Bilali alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Macho yalikuwa yamefunikwa na utando, akamjua bintiye kwa kumpapasa paji la uso.

"Umekuwa muzito," akasema. "Ni vizuri. Ijumaa tutasoma dua ya mama yako. Tonton Zuberi, baba yenu mudogo, atasoma. Tulikuwa tunakungoja weye."

"Aksanti, papa."

"Na mbele ya dua, Rachida iko na neno ya kumaliza na weye. Dua haipande kama watoto wawili wa marehemu wako na fundo katikati yao. Itabakia hapa chini ya mabati. Ataomba radhi, utamuachilia, alafu tutasoma."

"Papa, haina haja. Ile ni mambo ya zamani."

"Haja iko. Alikunyima sauti ya mama yako, na mama yako sauti yako. Kama angekuwa amesikiliza mwalimu..." Hakumaliza. Nyuma ya pazia mlio wa vyombo ulikoma kidogo, kisha ukaendelea.

Ilikuwa hivi. Mama yao alipougua mara ya mwisho, hakuweza tena kusema kwa nguvu. Mama Odile alikuwa na simu ya kuonyesha sura, akakubali kuiazima. Rachida, ambaye masomo yake yaliishia darasa la tano, ndiye aliyeandika ujumbe kwenda Ulaya kwa simu hiyo, kumjulisha Aziza lini atapigiwa, maana kaka hawakuwa nao na baba alikuwa msikitini. Kesho yake, kisha alasiri, yaani sala ya alasiri ilipokwisha, mgonjwa akainuliwa kwa mito, akavishwa kitambaa safi, simu ikawekwa mikononi mwake. Ikapigwa. Ikapigwa tena. Upande wa pili ilikuwa imezimwa. Siku mbili baadaye wakamzika.

Aziza alipopatikana, alisema amekuta neno lobi peke yake, akaelewa jana, akadhani simu imeshampita. Ujumbe wenyewe Mama Odile alikuwa ameufuta ili kupata nafasi kwenye simu yake. Rachida aliapa kwamba aliandika zaidi ya hapo. Lakini kati ya mwenye darasa la tano na yaya wa Ulaya mwenye diploma, watu wangemwamini nani?

Alhamisi dada wawili walikaa uani wakimenya ndizi za kupondea lituma ya kesho. Mama Odile alipita na beseni lake, akamkumbatia Aziza kwa mkono mmoja.

"Umeona namna nilimuharibia leki yako, huyu mudogo wako, jina?" akasema. "Nilisema ya kucheka tu, batu wapumuzike. Simu ilikuwa yangu, waliniangalia miye kama mwizi. Alors nikatupa neno, likamushika yeye. Mpaka leo ninaona haya."

"Wacha, Mama Odile," Rachida akasema. "Inauzisha mikate."

Jirani alipoondoka wakaendelea kumenya. Kisha Rachida akasema, macho kwenye ndizi:

"Yaya, kesho nitaomba mbele ya watu. Lakini nilitaka kukuambia mbele, weye peke yako. Zamani nilikuwa naapa. Nilikuwa naona kabisa kidole yangu juu ya ile simu, naandika 'usikose'. Nilipigana na papa juu ya ile 'usikose'. Lakini watu wote wakikuambia hapana, hapana, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mwisho unauliza kidole yako kama anasema uongo. Sasa sijui tena. Labda niliifikiria tu. Labda sikuandika."

Aziza alikata ganda, akakata na nyama ya ndizi pamoja nalo.

"Tangu ile siku siandikake kitu," Rachida akaendelea. "Hata jina ya mutoto wangu kwa masomo, nilimupa directeur aandike yeye. Naogopa nitaacha kitu."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Mungu humfungulia mtu mlango mara nyingi kuliko anavyostahili, na Aziza aliuona. Aliona jinsi angeweka kisu chini, angeshika ule mkono wenye makovu ya mafuta, angesema. Uani hapakuwa na mtu mwingine. Akafungua mdomo, na maneno yaliyotoka yakawa yale yale ya miaka yote:

"Nilikusamehe zamani, Rachida."

"Aksanti, yaya," Rachida akasema, akainamisha kichwa. Na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo kwa kweli. Hilo ndilo lililomchoma Aziza. Usiku hakulala wala hakuomba. Aliogopa kuomba, kama mtu anayeogopa kupita mbele ya nyumba anakodaiwa radhi.

Ijumaa, kisha sala, watu wakaja. Wanaume wakakaa barazani, wanawake chumbani, pazia likafungwa fundo ili wasikizane. Harufu ya ubani ikapanda. Tonton Zuberi, mdogo wake Papa Bilali, mtu wa maneno machache, akaweka kitabu juu ya mto.

"Mbele ya kufungua," akasema, "kuna watoto wawili. Rachida, kuja."

Rachida akapiga magoti mbele ya dada yake. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Hakulia. Alikuwa amejifundisha maneno yake, yakatoka moja moja.

"Yaya Aziza. Mbele ya Mungu na mbele ya mama yetu. Niliandika vibaya. Mama akafa bila kusikia sauti yako. Uniachilie."

Wanawake wakasema amina, wakageuza nyuso kwa Aziza. Neno lililotakiwa lilikuwa moja. Nimekuachilia. Angelisema, kitabu kingefunguliwa, wali ungepakuliwa, na Rachida angekuwa mwenye kosa lililosamehewa mpaka kiyama. Aziza aliwahi kumdanganya baba yake. Aliwahi kuudanganya mji. Lakini hapa angeifanya dua ya mama yake ipande juu ya uongo kama mtu anayepanda ngazi iliyooza, na mama yake ndiye angekuwa juu ya ngazi hiyo.

"Aliandika," Aziza akasema.

"Sema kwa nguvu," Papa Bilali akasema kutoka barazani. "Umemuachilia?"

"Papa, aliandika. Aliandika 'usikose'."

Tonton Zuberi akaondoa mkono juu ya kitabu.

"Ujumbe ulisema hivi," Aziza akaendelea, na akausema wote, maana hakuna siku ambayo hakuwa ameusoma kichwani. "'Yaya, simu ya mama lobi kisha alasiri. Usikose. Ni miye Rachida.' Niliusoma asubuhi. Nilielewa ni kesho. Mutoto mudogo angeelewa. Kesho yake, kisha alasiri, nilizima simu kwa mukono wangu. Nilikaa mahali pa kungojea bisi, nikaacha bisi zipite mpaka ikaingia giza."

"Sababu gani?" Sauti ya baba ilikuwa ndogo.

"Mama angeniuliza ninarudi lini. Nilikuwa nimemuambia mara tatu niko karibu, karatasi ziko karibu. Hazikuwa karibu. Kama ningetoka kule, nisingeingia tena, na miye nilikuwa nimeshachagua kubakia. Sikuwa na uso wa kumuambia. Alafu mulipouliza, nikaikata ile 'usikose', nikaacha lobi peke yake. Niliona ni neno moja tu."

Mama Odile, aliyesimama mlangoni kwa sababu yeye ni Mkristo na hakutaka kukanyaga mikeka, akaketi palepale kwenye kizingiti. "Na miye na hii mudomo yangu," akasema taratibu.

Papa Bilali alikuwa amegeuza macho yake yasiyoona upande wa chumbani.

"Mama yako aliishika ile simu mpaka magharibi," akasema. "Tulimutoa vidole kimoja kimoja."

"Najua, papa."

"Hapana. Haujui. Alikuwa na neno. Nilimuambia, nipe miye, nitamupelekea. Akasema hapana, hii ni ya Aziza. Akaenda nayo. Na kisha pale, miaka tisa, nilikuwa namuita mutoto wangu mujinga ndani ya nyumba yangu."

Tonton Zuberi akakohoa. Alikuwa mtu aliyesuluhisha ndoa nyingi na mirathi nyingi, lakini safari hii alisogeza mto wa kitabu pembeni kwanza.

"Aziza, neno limegeuka. Sasa weye ndiye wa kuomba. Omba."

Aziza akapiga magoti. Wakawa wamepiga magoti wote wawili, uso kwa uso, kama walipokuwa wasichana wakisaga pilipili kwenye jiwe moja.

"Rachida. Uniachilie."

Rachida alimtazama kwa muda mrefu. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu anayehesabu vitu ndani ya nyumba iliyoibiwa, akitafuta kipi kimebaki.

"Niliandika?" akauliza.

"Uliandika."

"Na 'kisha alasiri', niliandika?"

"Yote. Hakuna kitu uliacha."

"Na jina yangu?"

"Na jina yako, mwisho."

Rachida akatikisa kichwa polepole. Barazani mtu alianza kusema kwamba kuachilia ni sifa ya waumini, Tonton Zuberi akamnyamazisha kwa mkono. Wote wakangoja. Aziza alibaki na viganja wazi juu ya mapaja, naye alijua kwamba hata akingoja hivyo mpaka magoti yaote mizizi, hana haki ya kuharakisha.

Rachida akasimama. Akakaza fundo la kitenge kiunoni. Akapita katikati ya wanawake, nao wakakunja miguu kumpisha, akaruka miguu ya Mama Odile pale kizingitini, akapita mbele ya baba yake aliyenyoosha mkono hewani kuelekea mlio wa nyayo zake, akatoka nje, na kitabu kikabaki juu ya mto hakijafunguliwa.