Mboga za Bosi

Dobi alirudi nyumbani miguu inawaka moto, kwani alishinda amesimama akipiga pasi mashuka ya watu, na bado kulikuwa na wagonjwa wawili wa kupikiwa. Wa kwanza baba yake, mwenye presha. Wa pili Bosi, kasuku wa huyo baba, aliyekutwa na mafuta kwenye ini baada ya kulelewa kwa alizeti na karanga.

Daktari wa mifugo alisema wazi: mboga za majani, karoti, kunde za kuchemsha na chakula maalumu cha ndege. Karanga mara mojamoja tu, na parachichi asionje kabisa.

"Uwe na subira, dada. Hawa hawabadiliki upesi."

Subira, kana kwamba inauzwa sokoni kwa mafungu.

Basi akawa anachemsha sufuria moja ya mboga bila chumvi na kuwagawia wote wawili. Ulikuwa ujanja wa mtu aliyechoka. Bosi alinawiri, manyoya yakang'aa, akaanza tena kutukana wageni. Baba ndiye aliyezidi kuvimba miguu, ingawa sahani yake ilirudi tupu kila siku.

Jioni hiyo dobi hakuwa na nguvu hata ya kupiga hodi. Aliingia, akamkuta baba kando ya tundu akimlisha Bosi mchicha aliowekewa yeye kwa chakula cha mchana, jani baada ya jani, huku mwenyewe akitafuna karanga za chumvi alizozificha kwenye kopo la ndege.

Dobi alikaa chini palepale, mkoba ukiwa begani.

"Baba, jamani."

"Usinigombeze, mama. Kasuku huishi miaka mingi. Mimi yangu imebaki kidogo, ya nini kuimalizia kwa mchicha wa maji? Nikiondoka, sitaki ubaki kwenye nyumba iliyo kimya."

Hakuwa anatania. Alikuwa amelifikiria jambo hilo peke yake, mchana kutwa, wakati binti yake yuko kazini.

Dobi alitaka kugomba, machozi yakamtangulia.

"Huyu akiniona anadai chakula, baba. Anayeniuliza kama nimechoka ni wewe tu."

Bosi aliuvuta mchicha uliobaki, lakini safari hii mzee hakuuachia. Aliutazama kwa chuki ya dhati, akautia mdomoni, akautafuna mpaka ukaisha.

"Umechoka?" akauliza.

"Sana, baba."