Cheti cha Chelimo

Makumbusho ya mafuriko, nje kidogo ya Bahati, hufungwa saa kumi na moja jioni, na kila Ijumaa saa tisa huwa na somo la kujikinga na maafa. Jelagat alifika mapema, akaandika jina lake kwenye kitabu cha wageni, akapita chini ya mstari mwekundu unaoonyesha maji yalifika wapi siku bwawa la shamba la juu lilipopasuka. Mstari ulimzidi kimo.

Mama yake, Chelimo, aliyekufa siku hiyo ya mafuriko, alikuwa ameshakaa benchi la nyuma, nguo zikimchuruzika. Winrose, mfanyakazi wa makumbusho aliyeendesha somo hilo, alikuwa akipiga deki.

"Inua mguu kidogo, mathe," alisema, naye Chelimo akainua.

Mwanzoni marehemu walikuwa wakija arobaini na wawili. Zoezi lilikuwa rahisi: ukisikia onyo, acha kila kitu, kimbilia mlimani. Aliyefaulu alipewa cheti chenye muhuri, akaenda zake, hakuonekana tena, na watu wake nyumbani wakaanza kupata usingizi. Kufikia Pasaka alikuwa amebaki Chelimo tu. Wiki kumi na tisa alikuwa anaanguka mtihani, na wiki kumi na tisa Jelagat alikuwa anarudi nyumbani akilia njia nzima. Hakutaka kingine duniani ila mama yake apumzike.

Shida ilikuwa neno. Siku ile mlinzi wa bwawa alipiga kelele, "Maji imekuja!" Kijiji kilikuwa na mfereji mmoja wa bomba, kule bondeni, uliotoa maji siku ukijisikia, na hivyo ndivyo watu walivyoitana ukitoa. Basi walitoka mbio na mitungi, wakateremka kupanga foleni, na maji yakawakuta foleni. Mtungi wa Chelimo, wa manjano, uliozibwa kwa gunzi la mahindi, sasa ulikuwa kwenye kabati la kioo.

"Leo badilisha, Winrose," Jelagat alisema. "Sema bwawa imepasuka."

Winrose aliangalia karatasi ya somo, akaangalia mlango wa ofisi, akakubali.

"Bwawa imepasuka!"

Chelimo hakujitikisa. "Bwawa ni ya mdosi mwenye shamba," alisema. "Si umwambie mwenyewe."

Winrose aliandika kosa kwenye daftari, akarudia jinsi karatasi ilivyosema.

"Maji imekuja!"

Chelimo aliinuka kama msichana, akafungua kabati, akatoa mtungi wake. Jelagat alimshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Mama, acha hiyo mtungi. Panda mlima. Tafadhali."

"Kwani nyumbani kuna maji?"

Angeweza kumdanganya. Hakuwahi kumdanganya mama yake, na sasa hakujua pa kuanzia.

"Hakuna. Hii ni wiki ya tatu."

"Basi niachilie," Chelimo alisema kwa upole, akateremka mbio kuelekea mfereji. Winrose alirudisha cheti kwenye droo. Saa kumi mtungi ulirudi kabatini, umejaa tope kama kawaida, naye Winrose akalimwaga nyuma ya jengo.

Jelagat alirudi nyumbani kwa njia ya bwawani. Bwawa lilikuwa limejengwa upya, pale pale, na mwenye shamba yule yule, kubwa kuliko la kwanza. Mvua ilikuwa imelijaza hadi mdomoni. Ukuta ulivuja sehemu moja, na hapo chini mtu alikuwa amepanda sukuma wiki. King'ora walichoahidiwa wanakijiji kilikuwa kule makumbusho, kwenye kioo, na maelezo yake pembeni.

Alikuwa ndiyo kwanza avue viatu mlangoni aliposikia mtu akipiga kelele kutoka juu.

"Maji imekuja!"

Jelagat aliutazama mlima. Somo alilijua kwa moyo kuliko mtu yeyote aliye hai. Kisha akachukua mitungi miwili, maana wa tatu ulikuwa na ufa, akateremka mbio na majirani kwenda kupanga foleni.