Meza ya Mtu Mrefu

Shuleni walimwita Ngongoti, kama wale wachezao ngoma juu ya miti mirefu. Alipoajiriwa akamkuta huko mtu aliyesoma naye, na jina likamng'ang'ania kama kupe. Alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa ofisi ile, na angekuwa mrefu zaidi kama angesimama sawasawa. Lakini mabega yake yalikuwa yamekuja mbele, shingo imechomoza, na mgongo juu umefanya kinundu ambacho alikifunika kwa mtandio hata siku za joto.

Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba. Kutwa nzima aliwapimia watu milango, ngazi na makabati, na mwenyewe akikaa kwenye kiti kilichofanya magoti yake yagonge meza. Alipopita miaka arobaini miguu ikaanza kufa ganzi. Kwanza vidole, halafu nyayo, hadi siku moja akiteremka ngazi za ofisini akajikuta ameketi chini, michoro imetawanyika, hajui imekuwaje.

Daktari wa mifupa alimwonyesha picha ya mgongo wake kwenye mwanga.

"Uliwahi kuumia utotoni?"

"Hapana."

"Basi umeinama miaka mingi. Juu hapa pingili zimejikunja, zimekwishazoea. Huku chini zinabana mishipa ya fahamu. Kukaa ndiko kunakokumaliza. Tutajaribu mazoezi, na utafute meza ya kufanyia kazi umesimama. Isiposaidia, itabidi tupasue."

Ngongoti aliitikia kwa kichwa, akavaa mtandio wake. Hakumweleza daktari kwamba alijua siku aliyoanza kuinama.

Alikuwa darasa la tano. Walikuwa wamepangwa kupiga picha ya familia, yeye amesimama nyuma ya mama yake, na kichwa chake kilikuwa kimempita hata mpiga picha. Mama alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamvuta sketi, akasema, "Punguza." Neno hilo tu. Tangu siku ile likawa wimbo wa nyumba. Wageni wakija, punguza. Kwenye foleni, punguza. Wakipishana na vijana njiani, kidole cha mama kilimgusa kisogoni, naye akajikunja kama konokono. Alikuwa mtoto msikivu. Alijipunguza mpaka mwili ukasahau ulikotoka.

Aliolewa, tena na mtu mfupi. Bwana yule, fundi wa redio, alimfikia begani, na watu walicheka wakachoka. Alikufa kwa homa binti yao akiwa bado hajaanza shule, na hapo mama yake Ngongoti akahamia kwake ili amsaidie kulea. Wakawa watatu: bibi, mama na binti. Bibi ndiye aliyempikia mtoto uji, aliyemsuka nywele, aliyelala naye kitanda kimoja akiugua. Lolote utakalolisikia juu yake, na hili lisisahaulike.

Bosi hakuwa mtu mbaya. "Kachague meza, niletee ankara," alisema. "Tena utafanyia kazi nyumbani mpaka upate nafuu." Basi Jumamosi moja Ngongoti akaenda dukani, na mama akang'ang'ania kumsindikiza, maana hakumwamini muuza duka yeyote aliyezaliwa na mwanamke.

Muuzaji alikuwa kijeba mchangamfu mwenye futi ya kamba shingoni. Alipomwona Ngongoti anainama kupita mlangoni alisema, "Karibu, mama. Leo nimeletewa kazi." Akabonyeza kitufe, meza ya kwanza ikapanda ikinguruma, ikafika kiunoni kwa Ngongoti na kukata tamaa. Ya pili ilipanda zaidi, lakini ilipofika juu ikawa inatetemeka kama ndama aliyezaliwa leo. Ngongoti aliigusa kwa kidole kimoja tu, kikombe cha kalamu kikatembea hadi ukingoni.

"Hizi ni za watu wa kawaida," muuzaji alisema. "Mtu wa urefu wako anataka miguu ya vipande vitatu, na chuma kinachounganisha mguu na mguu. Na kioo cha kompyuta kisikae mezani, kifungwe kwenye mkono wake, kiwe mbele ya macho. La sivyo utakuwa umesimama lakini bado unainama, kazi bure."

Akamwonyesha ya tatu, nzito, ubao mpana. Ilipanda na haikuyumba. Ngongoti aliilalia kwa viganja vyote viwili, ikamvumilia. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alitamani kucheka.

"Sasa tupime," muuzaji alisema. "Kunja viwiko, niache nipime toka sakafuni." Akapiga goti moja, akavuta futi, kisha akasita. Akamtazama kwa adabu. "Samahani, mama. Nipime ulivyo, au utakavyokuwa ukinyooka? Maana miguu nitaitia kizuizi hapo hapo isije ikalegea, haitapanda kupita kipimo hicho."

"Nikinyooka," alisema Ngongoti.

"Basi nyooka."

Akajaribu. Alivuta mabega nyuma, akakaza tumbo, akainua kidevu. Maumivu yakamshuka kutoka kisogoni hadi kwenye nyonga kama maji ya moto, na mgongo haukusogea. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Kwenye kioo cha kabati lililokuwa pembeni alijiona: mwanamke anayejaribu kuchungulia juu ya ukuta.

Mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha maonyesho na mkoba mapajani, akasema kwa sauti ya kumhurumia mtoto, "Si usimame wima, mwanangu? Mbona unajikunja kama unatafuta sindano iliyoanguka?"

Ngongoti alimgeukia. Alimtafuta usoni dalili yoyote, ya haya au ya kumbukumbu, asiione. Mama alimtazama kwa mshangao safi, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Amesahau, Ngongoti alijiambia. Aliyetupa jiwe amesahau. Akamwambia muuzaji, "Nipime nilivyo."

Meza ililetwa, ikafungwa sebuleni karibu na dirisha. Kwa kweli ilisaidia. Asubuhi alichora saa mbili mfululizo bila ganzi, akipumzisha mguu mmoja juu ya kile chuma kilichounganisha miguu ya meza, kisha mwingine. Binti yake, ambaye naye alikuwa amechipuka na sasa akimfikia masikioni, alipenda kuiteremsha na kuipandisha mpaka bibi akamkemea kwamba ataichosha.

Ikaja siku ya picha za kumaliza shule. Ngongoti alikuwa mezani, amegeukia dirishani, anachora choo cha ghorofa ya pili ya nyumba ya mtu. Nyuma yake bibi alikuwa anamnyooshea mjukuu kola ya shati. Aliwasikia wanacheka. Kisha akasikia sauti ya bibi, laini kabisa, "Umependeza. Ila pale mbele ya wenzio, punguza kidogo. Wavulana wataogopa."

Kalamu ikamtoka mkononi. Alipogeuka, binti alikuwa tayari amelegeza goti moja na kushusha mabega, huku anatabasamu.

"Nyooka," Ngongoti alisema.

"Mama, ni utani tu."

"Nimesema nyooka! Na wewe, mama, neno hilo usimwambie mwanangu. Nisilisikie tena katika nyumba hii."

"Neno gani?" bibi aliuliza.

"Punguza. Lile ulilonilisha mimi mpaka nikawa hivi."

Bibi alikunja kitambaa alichokuwa amekishika. Kisha akasema taratibu, "Nilikulisha, ukaolewa. Ningekuacha usimame kama mlingoti, nani angekutazama?"

Kumbe hakuwa amesahau. Kumbe dukani alikuwa anakumbuka vizuri, akauliza lile swali la sindano mbele ya mgeni. Ngongoti alihisi kitu kinamkatika ndani, na safari hii si mgongoni.

"Mume wangu alinitazama kwa sababu ya urefu wangu," alisema. "Aliniambia mwenyewe. Alisema aliniona toka ng'ambo ya soko, kichwa changu juu ya vichwa vya watu, akanifuata. Hukunipa mume, mama. Umenipa kilema."

"Humjui shangazi yako wewe," bibi alisema. "Dada wa baba yako, mrefu kama wewe, mwenye kichwa juu vile vile. Walimcheka akiwa msichana, wakamcheka akiwa mzima. Hakuna aliyemposa. Alikufa chumbani peke yake, ikapita siku ya pili ndipo tukavunja mlango. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Nikatoka pale nikakukuta unacheza kamba uani, kichwa chako kinapita kamba ya nguo. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Lingekuwa jibu zuri kwa siku nyingine. Siku ile Ngongoti hakuwa na masikio. Akachukua simu akampigia mdogo wake wa kiume aje amchukue mama. Binti alilia, akamshika bibi yake kiunoni. Bibi akasema, "Mwache mama yako, anaumwa," akaingia chumbani kukusanya nguo zake. Jioni aliondoka na begi moja na mto wake.

Meza ilisaidia kwa muda, kisha haikusaidia. Ganzi ilirudi ikapanda magotini. Daktari akasema hakuna tena la kungoja. Mdogo wake akapiga simu: "Dada, mama anasema aje akuuguze ukitoka hospitali. Anasema hata akilala chini." Ngongoti alijibu, "Mwambie nitamwita nikiwa tayari." Hakuwa amepanga kumkatalia milele. Alitaka tu mama angoje kidogo, auhisi uzito wa kungoja.

Walimpasua wakamwekea vyuma viwili sambamba na uti wa mgongo, na misumari ya kuvishika. Alipozinduka na kusimamishwa na wauguzi, aliwaona utosini wote. Alikuwa amenyooka, si kabisa, lakini kwa kiasi ambacho jirani alipomwona mlangoni alirudi nyuma hatua moja. Kuinama ndiko kulikokwisha. Kitu kikianguka kilibaki chini mpaka mtu mwingine akiokote. Ile meza, iliyozuiwa kwenye kipimo cha zamani, ikawa fupi kwake. Binti akaweka matofali manne chini ya miguu ya meza.

Alikuwa bado hajamwita mama. Kila asubuhi aliona kesho yake ni siku nzuri zaidi. Kisha mdogo wake akapiga simu saa ya chakula cha mchana, na kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya kusema, Ngongoti akajua. Mama alikuwa ameanguka bafuni. Hakufika hospitali.

Walimlaza kwenye godoro sakafuni, chumba cha nyuma cha nyumba ya mwanawe, amefunikwa shuka jeupe. Watu walimpisha Ngongoti aingie. Alisimama juu ya mama yake, mrefu kuliko alivyowahi kuwa, na hakuweza kumfikia. Alijaribu kukunja magoti huku ameshika ukuta. Miguu bado ilikuwa na ganzi, haikuweza kumshusha, na vyuma vikamkatalia kuinama, akatoa sauti iliyowafanya wanawake waliokuwa mlangoni wageuke pembeni. Mdogo wake akamshika kwapani. "Acha, dada, utajiumiza." Ngongoti alisema, "Niinulieni mama." Wakatazamana. Halafu mdogo wake na binti wakaliinua godoro kila mmoja upande wake, polepole, mpaka uso wa marehemu ukafika usawa wa kifua chake, naye akaushika kwa mikono miwili. Ulikuwa mdogo sana. Aliushika mpaka mikono ya wale wawili ikaanza kutetemeka kwa uzito.

Baada ya maziko walirudi nyumbani wao wawili. Binti alikuwa amekaa siku zote zile bila kumwambia mama yake zaidi ya ndiyo na hapana. Usiku ulikuwa haujaingia bado. Alikuwa anaosha vyombo ambavyo vilikwishaoshwa.

"Kila Jumapili nilikuwa naenda kwa mjomba," alisema, mgongo umegeuka. "Bibi alikuwa ananiuliza kama hasira zako zimekwisha."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia bado kidogo."

Ngongoti aliketi kitini. Alikuwa na viatu vya maziko bado, vimejaa vumbi jekundu, na miguu ilikuwa imevimba ndani yake. Hakuweza kuvifikia. Akamwita binti yake kwa jina, akamwomba amvue viatu. Binti akafuta mikono, akapiga magoti mbele yake, akaanza kufungua kamba.