Wimbo wa Barbro

Mwaka ule Gyrid Hovi alisifiwa kila mahali, na kila sifa ilimchoma.

Yalianza Julai, kwenye mashindano ya fidla. Katika bonde la Hallingdal mpiga fidla hapandi jukwaani akaanza kukuna nyuzi tu. Kwanza anataja wimbo ameupata kwa nani, na huyo naye aliupata kwa nani. Nyimbo zenyewe hazina karatasi, ni sikio kwa sikio, kwa hiyo kumtaja aliyekufundisha ndiyo malipo yake yote. Wimbo wa Gyrid siku hiyo alikuwa ameupata kwa Mzee Embrik, mfuga mbuzi wa bonde la juu, aliyemfundisha jikoni kwake majira manane ya baridi na kahawa akamnywesha juu. Embrik aliupata kwa mama yake, Barbro, mkamuaji. Sasa nani anamjua Barbro? Gyrid alikuwa na miaka arobaini na moja, ameshika nafasi ya tatu mara sita, kachoka. Akawatazama waamuzi, akasikia mdomo wake unasema, "Nimeupata kwa babu yangu, Bottolf Hovi."

Bottolf! Gwiji aliyezikwa na bonde zima! Ukumbi wote ukakaa sawa vitini, na Gyrid akashinda.

Ungedhani kesho yake angejirekebisha. Wapi! Oktoba akatoa albamu, na kijitabu chake kikachapwa maneno yale yale. Mwenye studio alimuuliza, "Una hakika na hili jina?"

"Nimkosee babu yangu mwenyewe?" akajibu, na kucheka akacheka.

Desemba gazeti moja likaitaja kuwa albamu bora ya mwaka ya muziki wa asili. Redio ikaupiga wimbo ule asubuhi, watu wakiwa wanapaka siagi mikate yao. Gyrid alizima redio akakaa jikoni ameuficha uso, ingawa alikuwa peke yake. Duka la kijijini akalihama, maana Sidsel, binti wa Embrik, ndiye aliyekuwa akiuza pale. Maziwa akawa anayafuata kilomita ishirini, mtu mzima na akili zake. Kila wiki alijiambia ataenda kwa mzee kuomba radhi, na kila wiki akapata sababu: barabara ina barafu, mafua, wageni. Embrik alikuwa na miaka tisini na mmoja. Akifa kabla hajaambiwa, basi tena.

Machi Sidsel akapiga simu. "Baba anakuita."

"Amekasirika?"

"Njoo tu, Gyrid. Moyo wake umechoka, usichelewe."

Embrik alikuwa amelazwa sebuleni, karibu na jiko la kuni. Gyrid alikuwa amejifunza maneno yake njia nzima: nilidanganya, nisamehe. Kabla hajafungua kinywa, mzee akamshika mkono.

"Binti, nina aibu kubwa mbele yako."

"Wewe tena?"

"Nilisikia redioni. Na kile kijitabu chako nimekisoma. Kumbe wimbo ule ni wa babu yako! Mimi maisha yangu yote nasema ni wa mama. Nimewaza majira ya baridi mazima. Nitakuwa niliusikia dirishani kwa Bottolf nikiwa mtoto, nikaubeba, nikampa mama yangu sifa niliyoiba. Na nilivyokuwa najigamba nao! Nisamehe, binti, wewe ndiye uliyebaki wa ukoo ule."

Gyrid akakaa kitandani bila kukaribishwa. "Hapana, Embrik. Ni wa Barbro. Mimi ndiye mwongo. Nilitaka kushinda, nikataja jina kubwa. Hujaiba kitu."

Mzee akatabasamu. "Una moyo mzuri, tangu mdogo. Lakini imechapwa. Redio nayo imesema. Usijitwike kosa langu."

"Nakuapia! Babu hakuwahi kuupiga hata siku moja!"

"Basi, basi, usilie. Sema tu umenisamehe, nipumzike."

Akamweleza upya, akamweleza tena, na kila alivyoeleza mzee alizidi kumhurumia yeye, huku pumzi zikimpungukia. Sidsel akatokea mlangoni na sahani ya jibini ya kahawia. Akaiweka chini.

"Mwambie anachotaka, Gyrid. Hawezi kubishana zaidi."

Gyrid akalitazama zulia. "Nimekusamehe," akasema.

"Ahsante," Embrik akasema, akafumba macho, akapitiwa na usingizi, mkono wa Gyrid angali ameushika. Ilibidi Sidsel aje kumfungua vidole kimoja kimoja.

Nje theluji ilikuwa inayeyuka na kudondoka paani. Sidsel akamfuata hadi kwenye gari, amejitupia koti mabegani.

"Bibi alikuwa akinibembelezea wimbo ule," alisema. "Barbro. Kabla sijaanza kusema."

"Kwa hiyo ulijua."

"Tangu Julai. Nilikuwa nimekaa safu ya nne. Nikasema mwache, atakuja mwenyewe. Nikangoja, nikangoja."

"Sasa si ungemwambia baba yako! Majira ya baridi mazima anateseka, na wewe umenyamaza?"

"Nani kanyamaza? Nilimwambia siku ile ile aliyosikia redio, na kila siku tangu hapo," Sidsel akasema. "Akanifokea. Akasema nisimsingizie, Gyrid hawezi kusema uongo."