Samaki wa Abu Jasim

Athanas alikuwa na jambo moja tu la kumwomba tajiri wake, Abu Jasim, na alikuwa amelikalia wiki nzima kama mtu aliyekalia siafu.

Jambo lenyewe lilikuwa khuruji, ruhusa ya kutoka nchini. Siku hizo, Doha ya mwaka elfu mbili na kumi na tatu, dereva kama yeye hapandi ndege kwenda kwao mpaka kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, atie sahihi. Uwe na pasipoti, uwe na tiketi, uwe na msiba wa mama mzazi, bila sahihi hiyo unageuzwa uwanjani na unarudi ulikotoka. Mtu mzima mwenye ndevu anaomba ruhusa ya kwenda kuona wanawe. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na wengi wetu tuliyazoea, jambo ambalo hata leo hunitia uchungu.

Wanawe walikuwa wawili: Phoebe wa miaka kumi na minne, na Marvin aliyeanza shule juzi. Mama yao, Nafula, alifariki wakati Athanas akiwa hukuhuku Doha. Nyanya yao akawalea katika chumba cha kupanga huko Karagita, Naivasha, hadi mwezi uliopita alipopooza upande mmoja na binti zake wakamchukua kwenda kumtibu Bungoma. Walimchukua yeye. Watoto waliachwa wamalize muhula kwanza.

Jumapili jirani yao, Mama Pamela, alipiga simu.

"Baba Phoebe, kuja nyumbani."

"Kuna nini? Wagonjwa?"

"Hawagonjwi. Kuna jamaa anaitwa Cyrus, ule wa duka ya kona. Kila jioni anawaletea mkate na maziwa. Phoebe ako na saa mpya kwa mkono. Watoto wanafurahi, Baba Phoebe. Mimi ndio sifurahi."

Athanas alimpigia Phoebe papo hapo. Phoebe akamwambia Cyrus ni mtu mzuri, tena anamsaidia hesabu. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sauti ya mtoto aliyeshiba baada ya kulala njaa, na hiyo ndiyo iliyomtisha baba yake kuliko maneno ya jirani. Tangu siku hiyo chakula hakikupita kooni.

Kuomba kungekuwa rahisi kama asingemwona Laban. Alhamisi asubuhi ofisi ya madereva ilimleta huyo Laban, Mganda mwenye tabasamu pana, akapewa funguo za Land Cruiser ambayo Athanas aliiosha kwa mikono yake, akaizungusha mtaa mzima, Abu Jasim ameketi kando yake akitikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyemweleza Athanas kitu. Naye akajieleza mwenyewe: kazi imekwisha, na mtu anayefukuzwa haombi fadhila.

Ijumaa asubuhi, baada ya ibada kwenye makanisa ya Mesaimeer, maana huko Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, alimweleza yote Joram, mlinzi wa mojawapo ya majengo ya Pearl na rafiki yake wa tangu walipofika. Watu walikuwa wakitoka kanisani, Wafilipino, Wahindi, Wakenya, kila mmoja na Biblia na mfuko wa chakula. Joram alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasonya.

"Sasa we ulikuwa unataka kuendea mdosi hivyo hivyo? Mkono mtupu haulambwi, buda."

"Nitampa nini mtu ambaye ana kila kitu?"

"Hakuna mtu ako na kila kitu. Kuna kitu anakosa. Itafute, umpelekee, halafu ndio ufungue mdomo."

Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Hata kwa chifu huendi kuomba barua bila kuku kwapani. Athanas aliendesha gari kurudi mjini akijua vizuri kitu ambacho Abu Jasim alikuwa akikosa, na akitamani asingekijua.

Abu Jasim alisoma Amerika ujanani, akarudi na shahada na ugonjwa wa kuvua bass, samaki wa maji baridi anayekula wenzake. Katika shamba lake la Umm Salal, nyuma ya mitende, alichimba bwawa dogo, akalifunika kwa neti ya kivuli, akalijaza maji ya kisima. Bass waliletwa kwa ndege wakiwa wadogo kama sindano, ndani ya mifuko ya plastiki, na samaki wadogo aina ya ngege wakatiwa humo wawe chakula chao. Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri alisimama ukingoni na fimbo nyembamba, uzi mwembamba kama wa kushonea, na chambo cha mnyoo wa mpira. Vifaa vizito hakuvitaka. Alisema anayevua kwa kamba nene havui, anavuta ndoo kisimani. Akimpata samaki humtazama, humsifu, humrudisha majini. Wafanyakazi wa shamba waliona wazimu mtupu, chakula kushikwa na kuachwa. Athanas hakushangaa. Marehemu baba yake, Mzee Maurice, aliwapigia watalii makasia Ziwa Naivasha miaka mingi, na wazimu huo mwanawe aliuona tangu utotoni.

Katika bwawa hilo mlikuwa na bass mmoja mkubwa. Abu Jasim alikuwa amemwona mara mbili, mgongo wa kijani ukipita chini ya maji kama mkono wa mtu, na kwa misimu mitatu alimtupia kila chambo anachokijua. Samaki hakumjali. Wageni wakija, mzee alisimulia habari za samaki huyo kwa kirefu kuliko za wanawe.

Na Ijumaa iliyopita, akikung'uta mikeka ya gari karibu na bomba la kuingizia maji, Athanas alimwona. Chini palikuwa na duara la changarawe lililofagiliwa likawa jeupe, na juu yake yule bass mkubwa amesimama, mkia umechakaa kwa kufagia, akipepea polepole. Athanas alijua mara moja anachokitazama. Baba yake alikuwa amemwonyesha zaidi ya mara moja. Mama hutaga na kwenda zake. Baba ndiye anayebaki. Hali, hatoki, na chochote kinachosogelea mayai hukiuma na kukitupa mbali, hata kama hana njaa. Kwa hiyo samaki ambaye hashikiki mwaka mzima, siku hizo hata mtoto humshika.

Ndiyo maana Mzee Maurice alikuwa akigeuza mashua. Mtalii akielekeza fimbo kwenye duara jeupe, yeye hupiga kasia moja tu, mashua ikampa duara mgongo. "Ukimtoa huyo," alimwambia mwanawe, "umevunja nyumba nzima."

Alasiri hiyo, baada ya kuachana na Joram, Athanas alisimama nyuma ya Abu Jasim karibu saa nzima, maneno ya baba yake sikio hili, mkate wa Cyrus sikio la pili. Hatimaye akakohoa.

"Baba," alisema kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, maana watumishi wote wa nyumba ile walimwita hivyo, "tupa pale. Karibu na bomba. Mbele kidogo, halafu mwache mnyoo azame."

Abu Jasim alimtazama kana kwamba gari ndilo lililosema. Kisha akatupa.

Mnyoo alizama. Uzi ukatikisika, ukakaza, fimbo ikajikunja hadi ncha ikagusa maji. Mzee alipiga ukelele wa kitoto. Lakini mvuvi alikuwa mvuvi kweli, hakulazimisha. Samaki akivuta, alimwachia uzi. Akilegea, aliukusanya taratibu. Kitu kimoja tu kilimshangaza, nacho alikisema kwa sauti: samaki wengine wakinasa hukimbilia kina, huyu kila akipata nafasi alirudi palepale kwenye bomba. Athanas aligeuza uso. Roho ilimuuma, na hakujifanya kwamba haimuumi.

Samaki alipotolewa, kelele zikaanza. Wafanyakazi wakaitwa, simu zikatolewa, picha huku, picha kule. Akatiwa katika pipa la maji ili mwanawe Jasim naye afike kutoka mjini amwone.

"Baba, afadhali arudi sasa hivi," Athanas alisema.

"Subiri kidogo! Miaka mitatu nimemngoja, naye anaweza kuningoja dakika chache."

Athanas akatazama majini. Ngege walikuwa wameshafika. Kwanza mmoja, akaonja na kurudi nyuma, akitazamia kuumwa. Hakuumwa. Wakaja wengine wawili, kisha kundi zima, vichwa chini mikia juu, wakila bila haraka. Aliokota kokoto akawatupia. Walitawanyika na kurudi.

Jasim alikuja, akapiga picha zake, na bass akarudishwa. Alikaa kidogo ukingoni akihema, kisha akaogelea moja kwa moja hadi kwenye bomba. Ngege wakamkimbia. Akasimama juu ya changarawe tupu, akaanza kupepea.

Abu Jasim alikuwa ameketi kwenye kiti chake, gahawa mkononi, uso umefunguka. Saa ya kuomba kama hiyo haiji mara mbili. Athanas aliomba. Alieleza habari za nyanya, za watoto wawili peke yao, za mwezi mmoja tu na angerudi. Habari za Cyrus hakuweza kuzitamka.

Abu Jasim akacheka kwa upole.

"Mama Jasim ameshaniambia una shida huko kwenu, wewe mjinga. Nyumba nzima inajua huli. Unadhani yule Laban nilimleta wa nini? Akushikie gari ukienda kwenu. Leo nilikuja hapa nikiwa tayari kukutilia sahihi."

Athanas akainama kushukuru kwa furaha.

"Lakini sasa," mzee aliendelea, akimpiga begani kama ndugu, "sasa mambo yamebadilika. Kumbe nina mtu wa samaki na sikujua! Ijumaa ijayo shemeji zangu wanatoka Kuwait, na inayofuata kuna wageni wengine. Dereva nimepata, Athanas. Wa samaki sijapata. Ngoja joto lianze, utakwenda."

"Baba, watoto wako peke yao."

"Mungu yupo. Na majirani je? Hakuna majirani wanaowatazama?"

Athanas alimfikiria Cyrus. "Wapo," alisema.

"Basi."

Jioni waliondoka Umm Salal, Abu Jasim kiti cha nyuma akituma picha kwa kila anayemjua na kusoma majibu kwa sauti.

"Na mwingine yuko wapi? Najua yuko mwingine."

"Hakuna mwingine, Baba. Na yule sikumtafuta, nilibahatisha tu."

"Mnyenyekevu!" mzee alicheka. "Ijumaa utanionyesha."

Simu ya Athanas ilitikisika mfukoni. Dereva hapokei simu akiwa amembeba mwenye gari, kwa hiyo alingoja taa nyekundu, akaitoa, akaishika chini ya usukani. Ulikuwa ujumbe wa Phoebe.

"Baba usisumbuke na tiketi. Cyrus amesema tuhamie kwake leo, ako na chumba kingine, na Marvin amefurahi sana. Mama Pamela anagomba bure tu."

Aliusoma, akausoma tena. Taa ikawa kijani. Nyuma wakaanza kupiga honi.

"Yalla, Athanas," Abu Jasim alisema bila kuinua macho kwenye picha zake. "Twende nyumbani."